Kapu la Pasaka kwa mfuko uliochacha: usiuze korosho ambazo hazijatoa hata ua!

Leo hatuzungumzi mapenzi, hatuzungumzi fasheni za nywele. Leo ni kapu. Ndiyo, kapu! Lile la kupeleka kwa watu siku ya Pasaka: kwa mama, kwa wakwe watarajiwa, kwa baba wa ubatizo, kwa mgonjwa, au kwa watoto wa dada ambao kila sikukuu wanakutazama mikononi kabla ya kukutazama usoni.

Najua utasema, "Kaka, mshiko uko wapi?" Hapo ndipo penyewe. Sikukuu hii ina ubaya wake kwetu sisi wa nchi ya korosho. Krismasi inatukuta bado tunanukia pesa ya mnada. Kuanzia Oktoba korosho zinakwenda chama cha msingi, zinapimwa, mnada unapigwa, pesa inaingia benki. Mwezi wa kumi na mbili kijana wa Tandahimba anatembea kifua mbele, pamba mpya, redio mpya, soda anazinywa mbili mbili. Pasaka je? Pasaka inakuja kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa sababu inafuata mwezi mpevu. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 Aprili 20, mwaka 2026 Aprili 5, na ya 2027 ni Machi 28. Yaani inaangukia palepale kwenye masika, matope hadi magotini, mshiko umekwisha, na palizi inakusubiri. Enzi za Rais Mkapa, mtoto wa huku huku Lupaso, Masasi, vijana waliita hali ya namna hii "ukapa". Jina limezeeka, ugonjwa bado kijana.

JIHADHARI NA KANGOMBA

Ni wakati huu huu wa ukata ndipo anapotokea yule bwana mwenye maneno matamu. "Mdogo wangu, sikukuu hiyo inakuja, utakwenda ukweni mikono mitupu? Chukua hii elfu kumi, chukua na kilo mbili za sukari. Utanilipa korosho zikitoka." Hiyo ndiyo kangomba. Kwa wasiojua, ni ule ununuzi wa korosho wa vichochoroni, unaopimwa kwa vipimo visivyo halali au kwa mkopo unaotolewa kabla ya mavuno. Serikali inaukataza miaka yote. Tangu mwaka 2007, mkoani Mtwara korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilifanya uhakiki wa wakulima mashambani, na wenye kangomba walikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Lakini kangomba haifi, kwa sababu njaa ya masika haifi.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina aibu. Tufanye umechukua shilingi 10,000 ya kapu la Pasaka, mkakubaliana utalipa kilo 10 za korosho. Tufanye msimu umefika, mnadani kilo imekwenda 3,000. Zile kilo 10 zingekupa 30,000. Maana yake kapu lako la elfu kumi limekula elfu thelathini, na elfu ishirini imekwenda kwa mtu ambaye hata yai moja hakuchemsha! Bei ikipanda zaidi, hasara inapanda nayo. Na kumbuka, siku unakubali kulipa, mkorosho wako haujatoa hata ua. Umeuza kitu ambacho hakijazaliwa.

Kuna jamaa mmoja wa pande hizi, jina nalihifadhi maana anasoma ukurasa huu. Alitaka kumwonyesha mama mkwe mtarajiwa kuwa yeye si wa kuchezewa. Akapeleka kapu la dukani limefungwa nailoni inayong'aa, biskuti za bati, juisi za boksi, chokoleti zilizokwisha kuyeyuka njiani. Pale ukweni walishukuru vizuri tu. Oktoba ikaja. Baba wa binti yuko kwenye foleni ya mizani, anamwona mkwe wake mtarajiwa hana hata gunia la kushusha. Akauliza, akaambiwa ukweli. Mzee hakugomba. Alisema kwa upole, "Kumbe ile Pasaka tulikula shamba la binti yetu." Uchumba haukuvunjika, ila mahari ilisogezwa hadi msimu uliofuata. Sasa wewe jiulize, nani alikula lile kapu?

Kwa hiyo leo tunatengeneza kapu la mikono yetu wenyewe. Pesa kidogo, heshima kubwa. Twende kazi!

KWANZA: KIBUBU CHA KWARESIMA

Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Takatifu, ukiacha Jumapili, ni siku 40. Tafuta kopo la maziwa, toboa mfuniko, tia shilingi 200 kila siku. Siku 40 mara 200 ni 8,000. Ukiweza 500 kwa siku, ni 20,000. Ukijinyima soda, au ile sigara unayovuta kwa kujificha, pesa ndiyo hiyo. Na kama wewe hufungi Kwaresima, kibubu hakiulizi dini.

Umechelewa, zimebaki wiki mbili? Usihangaike. Kapu nitakalokuelekeza linategemea zaidi vitu vilivyoko nyumbani. Pesa ni ya mayai, sukari na mafuta ya kupikia, basi.

PILI: KAPU LENYEWE

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku nchini, kikapu kimerudi mjini kwa heshima zote. Wale masista duu waliokuwa wanaona haya kubeba kikapu cha ukindu, leo wanakibeba sokoni kwa madaha. Una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kikapu cha ukindu kilichochoka kule jikoni. Kila nyumba inacho. Kisugue kwa brashi na maji ya sabuni, kianike kivulini kisipauke. Mpini uliokatika shona kwa uzi wa katani. Ndani weka kipande cha kitenge. Nenda kwa fundi cherehani jioni akiwa anafagia, omba vile vipande vinavyoanguka chini. Wengi wanatoa bure, hasa ukianza na "Shikamoo fundi".

Njia ya pili ni boksi. Omba boksi la biskuti au la sabuni dukani. Likate libaki na kimo cha kiganja chako, kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole. Sasa gundi. Usinunue! Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi, weka motoni, koroga bila kuacha mpaka uwe uji mzito unaovutika. Hiyo ndiyo gundi ya bibi zetu. Ikipoa, paka boksi nje na ndani, bandika vipande vya vitenge, kipande kimoja kipande mgongo wa mwenzake. Anika juani mpaka kikauke kabisa, maana likibaki na unyevu mende na panya watakuwa wageni wako wa kwanza. Mpini: chana vipande vitatu virefu vya kitenge, visuke kama unavyosuka nywele, toboa boksi pande mbili, pitisha, piga fundo kwa ndani.

Njia ya tatu ni kununua kwa mzee anayesuka kwa mianzi, au kwa bibi anayesuka ukindu. Hapo nakuomba jambo moja. Mwagize mapema, usimwendee Ijumaa Kuu jioni, na usimbane bei mpaka mwisho. Kukata, kuchana, kukausha na kusuka ni kazi ya siku kadhaa. Wewe unabana matumizi, siyo unambana mzee. Na ukiwa na muda, kaa naye akufundishe. Kijana wa mjini anayejua kusuka ukili siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi.

Chini ya kapu weka maganda makavu ya mahindi yaliyochanwa nyuzi nyuzi. Yanafanya godoro, mayai hayagongani.

TATU: MAYAI YA RANGI

Hapa ndipo watoto watakuita mganga. Habari ya mayai ya Pasaka ilianza zamani. Kule Ulaya Wakristo walikuwa hawali mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakuambiwa wafunge, wakaendelea kutaga. Ikifika Pasaka nyumba zimejaa mayai. Wajerumani wakaongeza hadithi ya sungura anayeleta mayai, na daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, aliiandika mwaka 1682. Wahamiaji wa Kijerumani wakaipeleka Marekani, watoto wakawa wanamtengenezea sungura kiota, na kiota hatimaye kikawa kapu. Huko Poland nako hadi leo familia zinabeba makapu ya vyakula kanisani Jumamosi Takatifu yabarikiwe.

Kwetu Ukristo si wa jana. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, na Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895, kisha Ndanda mwaka 1906. Ila sungura huku ni mboga, hajawahi kumtagia mtu yai. Sisi tunachukua mayai, sungura tunamwachia mwenye nyama yake.

Unahitaji mayai sita. Yajaribu kwanza kwenye maji: linalozama ni zima, linaloelea lina kesi, liache. Halafu nenda kwa muuza chipsi wa stendi, omba maganda makavu ya vitunguu maji. Yeye anayatupa, wewe unayatafuta. Maganda ya vitunguu kumi yachemshe kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 20 hadi 30. Chuja. Tia kijiko cha siki au maji ya limau, rangi ishike. Tia mayai, chemsha dakika 10 hadi 12, kisha yaache humo humo yapoe. Yatatoka na rangi ya udongo mwekundu, kama barabara yetu kabla ya lami. Ukitaka ya njano, tumia kijiko kikubwa cha manjano badala ya maganda.

Na sasa ujanja wenyewe. Kabla ya kuchemsha, chuma jani dogo lenye umbo zuri, libandike kwenye yai lililoloweshwa maji, lifunge kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike iliyokwisha kazi, kaza kwa uzi. Ukifungua baada ya kupoa, picha ya jani itakuwa imebaki pale, imeng'aa. Ukiyapaka tone la mafuta ya kupikia, utasema yametoka dukani.

Angalizo: yachemshe asubuhi ya Pasaka yenyewe, yaliwe mapema siku hiyo hiyo. Wengi hatuna friji, na sikukuu ya kushinda chooni si sikukuu.

NNE: VYA KUTAFUNA

KOROSHO. Itakuwa aibu kapu la Tandahimba kukosa korosho! Tumia zilizokwisha kubanguliwa, zile mama alizojiwekea. Usijifanye fundi wa kubangua mbichi ndani ya nyumba, maana mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na moshi wake ni balaa. Zilowe dakika chache kwenye maji ya chumvi, zichuje, zikaushe, kisha zikaange bila mafuta kwenye moto mdogo huku unageuza mpaka ziwe za dhahabu. Zipoe kabisa ndipo uzifunge kwenye karatasi ya kaki au chupa ya jemu iliyooshwa. Ukizifunga za moto zitalainika.

KASHATA. Karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji robo kikombe, iliki kidogo. Sukari na maji viweke motoni mpaka vigeuke rangi ya asali. Mwaga karanga, geuza haraka haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, bapa, kata vipande ingali ya moto. Ukichelewa utakata kwa shoka. Watoto wakae mbali, sukari ya moto inaunguza kuliko maji.

KRIPSI ZA MUHOGO. Chagua muhogo mtamu, ule unaoliwa mbichi nyumbani kwenu bila wasiwasi. Ule mchungu una sumu, si wa mchezo huu. Menya, kata vipande vyembamba kama karatasi, loweka kwenye maji ya chumvi, kausha kwa kitambaa, kaanga. Pilipili ya unga juu, basi! Mtu akionja moja, mazungumzo yanakatika.

Nafasi iliyobaki, jaza kilichopo shambani na sokoni wakati huo: mahindi mabichi, papai, ndizi mbivu, tango. Masika yanatunyima pesa lakini hayatunyimi kila kitu.

TANO: KITU CHA KUBAKI

Vya kutafuna vitaliwa Jumapili, Jumatatu ya Pasaka vimesahaulika. Weka kitu kimoja cha kubaki. Mimi nashauri mche. Mwanzoni mwa Kwaresima panda mbegu chache za papai kwenye kopo lenye udongo na samadi, toboa chini maji yatoke. Mbegu za papai huota kwa wiki mbili hadi nne. Pasaka ikifika, una miche midogo ya kijani, na mvua bado ipo ya kuipandia. Mama mkwe akiula mpapai huo baadaye, jina litakalotajwa ni lako, si la mwenye duka.

Kadi nayo usinunue. Manila nusu, kalamu ya wino, maneno yako mwenyewe. Andika kitu ambacho ungemwambia mtu huyo kama usingekuwa na aibu.

SITA: KUPELEKA

Kapu zuri linaharibiwa na mpelekaji asiye na adabu. Lifunike kwa khanga safi. Piga hodi, ngoja uitikiwe. "Shikamoo mama." Akijibu marahaba, kabidhi kwa mikono miwili, usilitue chini kama mzigo wa basi. Usianze kuhesabu vilivyomo. Na wewe unayepokea, chombo hakirudi kitupu. Hata chumvi, hata mboga ya majani, tia kitu ndani ndipo ukirudishe.

Tena usisahau jirani yako Mwislamu. Huku kwetu watu wengi ni Waislamu, na nyumba nyingi ni za mchanganyiko, shangazi yuko msikitini, mjomba yuko kwaya. Sahani ya Idi ikija kwenu, kapu la Pasaka nalo liende kwao. Mwaka 2022, 2023 na 2024, Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwenye akili hapeleki kapu saa sita mchana. Anapeleka jioni, kabla ya magharibi, na muhogo na kashata zikawa sehemu ya futari. Ujirani ndio huo, hauhitaji hotuba.

MGAWANYO WA PESA

Siandiki bei hapa, kwa sababu bei ya Tandahimba si ya Masasi, na ya Ijumaa Kuu si ya wiki ya kwanza ya Kwaresima. Ila gawa pesa yako mafungu kumi. Manne yawe ya mayai. Matatu ya sukari, karanga na mafuta. Moja la manila, uzi na viungo. Mawili yarudishe kibubuni, usiyaguse! Hayo ndiyo ya wadogo zako, maana Jumatatu ya Pasaka lazima watataka kwenda disko toto, na kaka mtu asiye na kiingilio hana usemi.

Mayai na sukari nunua wiki moja kabla, kabla wauzaji hawajaonja harufu ya sikukuu. Yai bichi litakusubiri vizuri likikaa mahali pa baridi.

Basi, mshikaji wangu, dada yangu, ndiyo hivyo. Yule bwana wa kangomba akikujia na elfu kumi yake, mwambie asante, mimi nina maganda ya vitunguu. Atakuona umechanganyikiwa. Mwache aende. Oktoba mtakutana pale kwenye mizani, wewe ukiwa na gunia lako zima, stakabadhi mkononi, na mama mkwe akiuliza Krismasi hii utaleta nini.

Pasaka njema. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza namna ya kufua na kunyoosha pamba za sikukuu ya mwaka jana zionekane za mwaka huu. Usikose nakala yako!